Kikombe cha Pilipili

Siku ya kuniaga, wapishi wenzangu, mliniuliza, huku mkicheka, kwa nini kila ninapoonja mchuzi nageukia ukuta kama mwizi wa sukari. Nikasema nitawaandikia. Sasa nimestaafu, magoti yamekataa kusimama, na muda ninao. Msitafute humu nani alipandishwa cheo mwaka gani. Nitaandika juu ya jiko langu la kwanza, mtu aliyenifunza kazi, na darasa la chakula cha Meksiko lililonipa nafasi ambayo sikuiacha mpaka juzi.

Wengi wenu hamjui nilikotoka. Nilizaliwa Biryogo, mtaa wa Waislamu wa mji huu huu, kwenye vichochoro vya nyuma ya msikiti, baba yangu akiwa fundi cherehani. Mama alitangulia, baba akamfuata. Nilikuwa darasa la sita, na mimi ndiye mkubwa. Chini yangu alikuwepo Yusufu, kisha Habiba, kisha Asha, ambaye bado alikuwa akibebwa mgongoni. Siku ya arobaini ya baba, ndugu walikaa barazani wakatugawa. Mjomba wa Kigoma angewachukua Yusufu na Habiba. Shangazi wa Butare angemchukua Asha. Mimi ningetafutiwa mume. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Hagawanywi mtu," nilisema.

Mjomba aliniangalia bila hasira. "Utawalisha nini, mwanangu?"

"Nitapika."

"Haya, pika. Lakini siku sufuria ikilala tupu usione haya. Nitumie salamu, nami nitakuja kuwachukua."

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Shuleni sikurudi. Nilikaanga maandazi na chapati mlangoni kwetu, na Yusufu alizipeleka kwa mafundi cherehani kabla ya kwenda darasani. Hivyo tuliishi mpaka kiangazi cha mwaka wa tisini, nilipopata kazi kwenye nyumba ya wageni kule Kiyovu. Mwenyewe alikuwa Madamu Konsolata, mjane mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno machache. Mpishi wake aliitwa Mzee Terefori. Alikuwa mtu wa Bugesera, mrefu, aliyevaa koti hata mbele ya moto. Alianza kupika misheni akiwa kijana, na Kifaransa chake kilikuwa cha mapadri, kila neno limepigwa pasi.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Unajua kupika nini?"

"Kila kitu, Mzee."

"Basi rudi nyumbani. Anayejua kila kitu hana la kufanya hapa."

Nikafika mpaka getini, nikarudi. "Najua chapati."

"Chapati sawa. Kaa pale, umenye viazi."

Alinifunza mengi ambayo mpaka leo nawafokea nyinyi kwayo. Mkaa hauchochewi kwa hasira. Kisu ni cha mtu mmoja, hakiazimwi. Vitunguu vikianza kunukia utamu, umeshachelewa kuweka nyanya. Lakini alichokisisitiza kuliko vyote ni kuonja. Unachukua tone moja, unaliweka nyuma ya mkono, unageukia ukuta, unaonja mdomo ukiwa umefumbwa, kisha unanawa. "Mgeni akimwona mpishi anatafuna," alisema, "ni kama ameletewa makombo."

Na kwake halikuwa jambo la jikoni tu. Watu wa rika lake, hasa waliokulia vijijini, walilelewa kwamba mtu mzima hali mbele ya watu asiowajua. Kunywa si neno. Pombe ya mtama, maziwa, chai, alikunywa na yeyote, tena kwa furaha. Lakini kutafuna mbele ya macho ya mgeni kwake kulikuwa kama kuvua nguo sokoni. Mchana alichukua sahani yake akaenda nyuma ya ghala, na sisi wengine tukatafuta la kufanya upande mwingine. Sikuwahi kuliona taya lake likisogea.

"Nyinyi Waswahili," aliniambia, maana Mwislamu wa Biryogo kwao ni Mswahili hata kama babu yake alizaliwa Gitarama, "mnakula barabarani kama mbuzi."

"Mbuzi halali na njaa, Mzee."

"Wala halali na heshima."

Tulifanya kazi vizuri hivyo kwa miezi michache. Kisha mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini. Wageni wetu wengi walikuwa wasafiri waliokuja kuona sokwe wa milimani, na njia ya milimani ikafungwa. Mjini vikawekwa vizuizi, watu wakaanza kuulizwa vitambulisho na kutazamwa pua, ati ijulikane ni wa kabila gani. Vyumba vikabaki na mashuka yaliyonyooshwa. Aliondolewa mfuaji, akaondolewa mhudumu wa meza. Mwaka uliofuata Madamu alituita mimi na Mzee Terefori, akasema bila kukaa kwamba jiko lake haliwezi tena kubeba wapishi wawili, na kwamba atafikiri abaki nani.

Nilitembea mpaka Biryogo nikiwaza salamu za Kigoma. Nyumbani Asha alikuwa amejifunza kuandika jina lake, ameliandika kwa mkaa ukutani, kubwa, na chini yake majina yetu wote. Habiba alitaka nimchape. Nililiacha.

Ni katika siku hizo alipofika Senyora Ofelia. Alikuwa mama wa makamo kutoka Meksiko, msafiri wa peke yake, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Alikuja kuona sokwe kama wengine, akaambiwa asubiri ruhusa, na ruhusa haikuja. Kukaa bure kulimshinda. Asubuhi moja aliingia jikoni bila kubisha, akafunua sufuria ya maharage, akavuta harufu, akasema neno kwa lugha yao. Mzee Terefori alivua kofia, akamwuliza kwa Kifaransa kama amepotea.

Hakuwa amepotea. Alitaka kuwafundisha wasafiri wenzake waliokwama chakula cha kwao, chakula cha bibi yake. Siku mbili baadaye kulikuwa na darasa chini ya paa la uani: mtu na mkewe kutoka Ubelgiji, mwalimu mmoja Mwingereza, na sisi wawili kama wasaidizi. Madamu alisimama pembeni na funguo zake akitazama. Watu walicheka uani pale kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, na walikuwa wamelipa ili wacheke. Jioni alituambia: "Senyora ataondoka. Darasa lake litabaki kila Jumamosi. Atakayeliendesha ndiye mpishi wangu."

Kwa hiyo tulikuwa wanafunzi wawili, nafasi moja, na mmoja wetu hakujua Kifaransa. Huyo ni mimi. Kila alichosema Senyora kwa Kifaransa, Mzee Terefori alinitafsiria. Hakunificha neno. Nimefanya kazi na wapishi wa kila namna tangu wakati ule, na wengi wangalimeza nusu ya maneno.

Mkate wao unaitwa tortiya. Ni mwembamba kama chapati, ila wa mahindi, na mahindi yenyewe hayasagwi makavu. Huchemshwa kwanza na chokaa mpaka ganda libanduke, yalale ndani ya maji yake, yaoshwe, ndipo yasagwe mabichi. Nilinunua chokaa dukani. Mzee Terefori aliitazama.

"Hii ni ya kupaka ukuta."

"Senyora ndiye aliyeitaja."

"Basi mwambie ukuta haujala bado." Kisha akamgeukia Senyora, akamwuliza kwa Kifaransa chake kilichonyooshwa kama majivu hayafai, maana bibi zetu walilainisha maharage magumu kwa maji ya majivu. Senyora alipiga makofi. Kijijini kwao pia walitumia majivu chokaa ilipokosekana. Jiwe la kusagia tuliliazima kwa mama mmoja muuza pombe ya mtama; lilikuwa karibu sawa na la kwao, na Senyora alipiga magoti mbele yake kama mtu aliyekutana na ndugu. Badala ya chuma chao cha kuokea tulitumia kipande cha mfuniko wa pipa, tukakichoma na kukisugua mpaka harufu ya mafuta ikatoka.

Mambo mengine hayakuwa mageni. Maharage yaliyopondwa. Parachichi. Vifurushi vya unga vilivyopikwa kwa mvuke, ambavyo tulivifunga kwa majani ya migomba. Mzee Terefori alivumilia wiki nzima, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ametoka mbali hivyo kuja kutuonyesha maharage?"

"Na parachichi, Mzee."

"Na parachichi. Labda sisi twende kwao tukawaonyeshe mvua."

Kilichokuwa kigeni ni mchuzi wao mbichi wa pilipili, salsa, unaopondwa kwenye kinu pamoja na nyanya zilizobabuliwa motoni, vitunguu na chumvi. Senyora alitumia pilipili zetu ndogo kwa mkono wa mtu asiyezijua. Mbelgiji alikaa siku nzima na maziwa mkononi.

Somo la mwisho lilikuwa chakula cha mchana, na Madamu alialika watu wa mjini ambao alitaraji watakuwa wateja wa Jumamosi. Alikuwepo bwana mmoja wa wizarani na mkewe. Lazima mjue hali ya mji ilivyokuwa. Watu walikuwa wameanza kuogopana. Hadithi za sumu zilikuwa kila mtaa; fulani alikunywa kwa fulani, hakuamka. Tangu zamani kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza yeye, uone, ndipo akupe. Miezi ile desturi hiyo watu waliishika kama kamba ya kisima.

Senyora hakujua haya. Alisimama mbele ya moto, akatueleza kwamba kwao tortiya ya kwanza huliwa na mpishi mwenyewe, ikiwa ya moto, kwa mkono, amesimama mbele ya wote, ndipo wengine wachukue. Mzee Terefori alinitafsiria neno kwa neno, kwa sauti ile ile aliyotumia kunieleza habari za mkaa. Kisha Senyora akachukua tortiya ya kwanza na kumpa yeye, kwa heshima, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Akaikunja, akaifunga ndani ya kitambaa safi, akaiweka mfukoni mwa koti.

Senyora alingoja. Akamwonyesha kwa vidole: kula, kula.

"Nitakula, Madamu. Baadaye."

Bwana wa wizarani alikuwa ameshaokota ya kwake. Akairudisha sahanini. Mkewe akasogeza sahani mbali. Mwingereza alipowaona, naye akaacha kutafuna.

"Mzee," bwana yule aliuliza kwa Kinyarwanda, kwa upole, "mna nini humu?"

"Mahindi, bwana."

"Mbona basi mpishi hali?"

Nilimtazama Madamu, ambaye uso wake ulikuwa umefungwa kama ghala. Nikachukua tortiya kwenye kile kipande cha mfuniko, ikaniunguza vidole, nikaila nimesimama, nimewaelekea wote. Niliimeza kama mtoto anavyomeza kwinini. Lakini bwana yule hakuniangalia. Mimi nilikuwa msichana tu, si mimi niliyeulizwa.

Mzee Terefori alivuta pumzi. "Kula siwezi, bwana," alisema. "Kunywa naweza."

Alichukua kikombe cha chai mezani. Akakijaza salsa kutoka kwenye kinu, mpaka ukingoni, ile ya pilipili zetu. Akakinyanyua, akanywa. Hakunywa kwa kuonja. Alinywa kama anywaye maji ya safari, mpaka mwisho. Machozi yalimtiririka mashavuni, mishipa ya shingo ikasimama, lakini hakukohoa. Akakipindua kikombe watu waone kimekwisha.

"Mna nyanya, chumvi, vitunguu, na ujinga wangu," alisema, sauti ikiwa imeungua. "Sumu hamna."

Bwana wa wizarani ndiye aliyecheka wa kwanza. Kisha wote. Wakala mpaka mahindi yakaisha, na wawili wakaandikisha majina kwa Jumamosi. Senyora alimshika Mzee Terefori mkono, akalia kidogo, ingawa labda kwa moshi.

Madamu hakucheka. Vyombo havijakauka alituita.

"Terefori, umenipikia vizuri. Lakini hawa wanalipa wale pamoja na mpishi. Utakunywa pilipili kila Jumamosi?"

"Hapana, Madamu."

"Utakula?"

Alivua kofia yake. "Nilivyolelewa ndivyo nilivyo, Madamu."

"Zaina atabaki," alisema, akiniangalia mimi, akaondoka. Funguo zikalia mpaka mwisho wa korido.

Nilimtafuta nyuma ya ghala. Alikuwa amekaa kwenye kreti, uso ukutani, na kutokana na mabega yake nilijua anakula ile tortiya. Nikageuka upesi, nikatazama banda la kuku. Nilitaka kurudi, lakini alishasikia kandambili zangu.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema nyuma yangu.

"Nitaongeza, Mzee."

"Na usiache mahindi yalale sana. Yanalegea."

Nikangoja. Kuku walikuwa wakipekua majani ya vitunguu. "Mzee, umenipisha? Kwa sababu ya wadogo zangu?"

"Usijipendekeze. Nami nina mke. Kama ningeweza kula, ningekula." Nikamsikia akikunja kitambaa. "Wako watatu, sivyo?"

"Watatu."

"Basi."

Ndivyo tulivyoagana, mimi nikitazama kuku, yeye akitazama ukuta. Kisu chake alikichukua, na ilikuwa haki yake. Alipanda gari la kwenda Bugesera asubuhi iliyofuata. Senyora naye aliondoka wiki ile, bila kuona sokwe.

Darasa nililiendesha mimi. Kifaransa nilijifunza kwa kulazimika, kikiwa kimejaa majina ya vyombo. Kila Jumamosi nilisimama mbele ya watu, nikala tortiya ya kwanza, nikatabasamu. Siku nyingine zote, jikoni, nilionja nikiwa nimegeukia ukuta. Sikuamua. Nilijikuta hivyo. Nyumbani sufuria haikulala tupu, na salamu za Kigoma sikutuma. Mjomba mwenyewe aliandika mara mbili akisema hali ya huko kwetu anaisikia redioni, haipendi, angalau nimpe Yusufu akafanye naye biashara ya dagaa. Nilimjibu kwamba tunakula, tuko pamoja, asiwe na wasiwasi.

Mwaka uliofuata watu walianza kufika mjini kutoka Bugesera wakiwa na magodoro kichwani na bila kitu kingine. Niliwauliza wengi habari za Mzee Terefori. Mama mmoja alisema nyumba yake ilichomwa na yeye hakutoka kanisani. Mwingine alisema hapana, alimwona akivuka kwenda Burundi, amevaa koti. Mpaka leo nina majibu hayo mawili. Niliwahi kwenda baadaye, nikaonyeshwa mahali penye mafiga matatu na majani marefu. Aliyenionyesha hakuwa na hakika kama ni penyewe.

Ya mwezi wa nne mwaka wa tisini na nne mnayajua au mmesimuliwa, na hapa si mahali pake. Nitasema ya nyumba yetu tu. Tulikuwa ndani wote wanne, kama nilivyotaka. Mtu akisikia habari za darasa husubiri niseme kwamba mahindi ya Senyora ndiyo yaliyotuokoa. Hatukuwa na mahindi. Tulikula majani ya mihogo na walichotukatia majirani, na maji yalipokwisha Yusufu alichukua dumu.

"Dada, narudi sasa hivi," alisema.

Dumu lilirudishwa na jirani.

Vita vilipokwisha, Mjomba alikuja. Alikaa barazani pale pale alipokaa siku ya arobaini ya baba. Habiba alileta chai. Nilikuwa nimelisubiri neno moja kutoka kwake, nimelisubiri tangu siku ya dumu, na nilikuwa nimejiandaa kulipokea kwa sababu lilikuwa la kweli: Yusufu angekuwa Kigoma, angekuwa hai. Mjomba alikunywa chai yake mpaka mwisho. Aliyatazama yale majina manne ya mkaa ukutani, ambayo yalikuwa bado yanasomeka.

"Uliwalisha," alisema.

Hakuongeza kitu, siku ile wala nyingine yoyote. Ingekuwa nafuu kama angelisema lile neno.

Nilirudi kazini kwa sababu nyumba ile ilifunguliwa tena na wenye nyumba wapya, na mtu aliwaambia kuna mwanamke anajua kupika. Habiba na Asha walisoma. Hayo mengine ya miaka iliyofuata mliyaona wenyewe au mtayakuta kwenye masufuria: kisu ni cha mtu mmoja, mkaa hauchochewi kwa hasira, mahindi yasilale sana.

Jiko letu jipya halina ukuta. Ni vioo pande zote, ili wageni watuone, na mnakula mbele yao huku mkizungumza, na wanafurahi. Sina neno na hilo. Nami nilikula mbele ya watu kila Jumamosi, na ndicho kilichonipa kazi. Lakini siku yangu ya mwisho mliponitaka nipike tortiya za kuagana, mlinikuta nimegeukia friji, mkapiga picha, mkacheka.

Nilikuwa naonja. Chumvi ilikuwa imepungua kidogo.